Haki ya Kurudi: Kota za Zamani, Maghorofa Mapya na Deni la Waliopisha Ujenzi

Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua makazi mapya ya Magomeni Kota, Dar es Salaam: nyumba 656 katika majengo ya ghorofa, zilizojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) kwa zaidi ya shilingi bilioni 50. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo katika nyumba za chini zilirudi. Kwa kipimo kilichozoeleka, cha idadi ya nyumba na ubora wa majengo, hayo ni mafanikio, nami siyakatai. Lakini kaya hizo zilikuwa zimeondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyumba zilibomolewa kabla ujenzi mpya haujapata fedha za uhakika, na eneo likakaa tupu kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2016 Rais John Magufuli alipolitembelea, akaagiza lijengwe na kuahidi kwamba wakazi wa zamani wangeishi miaka mitano bila kulipa kodi. Hoja ya makala hii ni kwamba haki katika ujenzi mpya wa maeneo makubwa ya mijini hupatikana au hupotea katika kipindi hicho cha kati, baina ya kubomoa na kurudi. Kwa sababu hiyo haki ya kurudi haina budi kuandikwa kama dai la kisheria, lenye tarehe na bei, kabla ukuta wa kwanza haujaangushwa.

Tuangalie kilichotokea kwa ardhi yenyewe wakati wenyeji wakiwa nje. Katika miaka hiyohiyo Barabara ya Morogoro ilijengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, na Magomeni ikawa dakika chache tu kutoka katikati ya jiji. Thamani iliyoongezeka ilitokana na fedha za umma na mahali penyewe. Kaya zilizotawanyika kutafuta vyumba vya kupanga hazikuambulia chochote kati ya ongezeko hilo, na juu yake zililipa kodi, nauli ndefu zaidi na gharama ya kuhamisha watoto shule. Ndiyo maana uamuzi wa Rais Samia kwamba wakazi hao wauziwe nyumba kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, wakilipia gharama za ujenzi bila kutozwa thamani ya ardhi, ulikuwa wa haki. Wengine waliuona kuwa fadhila. Mimi nauona kuwa malipo ya deni, na udhaifu wake ni mmoja: ulikuja mwishoni, kwa hisani ya kiongozi, wakati ulipaswa kuwa sharti la mwanzo ambalo mkazi angeweza kulidai mahakamani hata kiongozi akibadilika.

Nairobi inatupa mifano miwili ya kulinganisha. Katika Soweto Mashariki, Kibera, serikali ya Kenya ilijenga kwanza makazi ya muda Lang'ata, na mwaka 2009 ikaanza kuwahamishia wakazi huko. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Miaka saba si michache, na kesi za baadhi ya wenye vibanda waliopinga mradi zilichangia kuuchelewesha. Hata hivyo waliohama walibaki pamoja, wakaendelea kuweka akiba kupitia chama cha ushirika, na orodha yao haikupotea. Pangani hesabu ni nyingine kabisa: mtaa wa familia 48 ulipisha zaidi ya nyumba 1,400. Hapo gharama ya kuwatunza wenyeji na kuwapa nyumba zao ni sehemu ndogo mno ya mradi, na hakuna mwekezaji anayeweza kudai kwa dhati kwamba haki yao ingemfilisi.

Wapo watakaosema kuwa kujenga kwa awamu, jengo la kwanza likisimama upande mmoja huku watu wakiishi upande wa pili, ni ghali na kunachelewesha. Ni kweli kwa kiwanja kidogo. Eneo kubwa ndilo linaloruhusu awamu, na historia ya Magomeni inaonyesha kwamba kubomoa nyumba zote kwa mara moja hakukuharakisha lolote. Pingamizi zito zaidi ni la usawa: kwa nini kaya 644 zipewe nafasi katikati ya jiji ilhali mamilioni wanaishi katika makazi yasiyopimwa bila msaada wowote? Jibu langu ni kwamba kaya hizi ndizo zilizobebeshwa gharama ya mradi, na anayebeba gharama ana dai ambalo asiyeibeba hana. Hao wengine nao wana dai lao kwa dola, na ghorofa za ziada ndizo zinazopaswa kulijibu. Dai lao halilipwi kwa kumfukuza mwenyeji. Ama hofu kwamba waliorudi watauza au kupangisha, ina msingi; Kibera wapo waliopangisha. Dawa yake ni sharti kwamba kwa muda fulani nyumba ikiuzwa, chombo cha umma kiwe cha kwanza kupewa nafasi ya kuinunua kwa bei iliyokubaliwa.

Lakini wengi huondoka kwa sababu ya bili kuliko tamaa. Nyumba ya chini haina lifti wala pampu ya kupandisha maji. Michenzani, Zanzibar, ambako serikali ya Mzee Karume ilijenga majengo marefu ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu walipewa makazi, lakini matunzo ya majengo yamekuwa tatizo la miaka mingi. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo na wamiliki kuunda chama chao. Napendekeza kwamba kodi ya maduka ya ghorofa ya chini iingie moja kwa moja katika akaunti ya matengenezo ya chama hicho, kabla mwekezaji hajachukua fungu lake, na kifungu hicho kiandikwe katika mkataba uleule unaotaja tarehe ya kurudi.