Muhogo muchungu: moto peke yake hautoshi

Wamama wengi wa Kivu wanajua kwamba muhogo muchungu hauendi moja kwa moja ku chungu. Ndani yake mna linamarini, inayozaa sumu ya sianidi. Mna pia kimeng'enya kinachoivunja, na sumu inatoka na kupotea. Moto ukiua kimeng'enya hicho mapema, linamarini inabaki mu chakula.

Kwa hiyo maji yanafanya kazi kuliko moto. Muhogo uliomenywa unalowekwa siku tatu ao ine, mpaka ulainike, kisha unaanikwa ku jua. Wakati wa njaa ao vita watu wanapunguza siku, na hapo konzo inaingia: miguu yote miwili inakaza ghafula, na haiponi tena. Inapiga sana watoto na wamama. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, huko Kwango. Burhinyi, katika teritwari ya Mwenga, inaijua pia. Kula bugali kila siku bila maharagi wala ndagala kunazidisha hatari.

Kama unga umekwisha kusagwa, bado kuna njia: uchanganye na maji, uutandaze mwembamba, masaa mawili ku jua ao matano ku kivuli, halafu upike bugali siku hiyo hiyo.

Na sombe? Itwangwe vizuri ikiwa mbichi, kisha ichemke bila kifuniko. Makala ni bei, ndiyo, lakini mvuke ule ndio unabeba sumu.