Chai Iliyokuwa Nyuma ya Bibi Arusi

Kaseti ilikwama mara mbili kabla ya kukubali kucheza. Ilikuwa VHS ya Desemba 1994, koito ya mmoja wa shangazi zangu karibu na Litein, yaani siku ile ambapo koo mbili hukaa chini kuzungumza mahari. Tulidhani kogo, nyanya yetu, angetaka kumwona binti yake akiwa msichana. Badala yake alinyoosha kidole kwenye pembe ya runinga.

"Rudisha kidogo. Huyo anayepita na kikapu."

Nyuma ya bibi arusi mtarajiwa, hatua 30 hivi, jirani alikuwa akikatiza katikati ya chai kuelekea kituo cha kuuzia majani. Alifariki miaka mingi iliyopita, na kwao hakuna picha yake hata moja. Ameponea kwenye mkanda wa watu wengine, bila kualikwa.

Desemba iliyopita nilihudhuria koito nyingine kwenye kilima hicho hicho. Kijana aliyerekodi alikuja na kamera ya picha yenye lenzi nene, na kazi yake ni safi: kope za msichana unaweza kuzihesabu. Lakini nyuma yake hakuna shamba. Kuna uji wa kijani.

Tofauti hii haikutokana na ustadi wa mtu. Ilitokana na kipande kinachokaa nyuma ya lenzi na kupokea mwanga, ambacho mafundi wengi wanakiita sensa. Si sensa ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo kazi yake ni kuhesabu.

Kericho ilizoea kurekodiwa kwa sauti kabla ya video. Mwaka 1950 mkusanya muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake akawanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliozaliwa kutokana na jina la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Baadaye duka la Chandarana mjini Kericho likawa jina kubwa katika santuri za benga. Picha zinazotembea zilikuwa mambo ya watu wa filamu na serikali. Familia ya kawaida ilikuwa na picha mnato tu: watu wamesimama wima, mikono ubavuni, wamebana pumzi.

Kamera iliyopiga picha hizo ilikuwa na asili yake. Leica ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, katika miaka ile ile ambayo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikipanda chai katika ardhi ya Wakipsigis. Fremu yake ya filamu ilikuwa milimita 36 kwa 24, na kipimo hicho kikawa sheria kwa kamera nyingi zilizofuata, hata zile za wapiga picha wa mitaani.

Kamera ya video ilitoka ukoo mwingine, ule wa televisheni. Zamani kamera za televisheni ziliona kwa mirija ya kioo. Mrija wa inchi moja ulipimwa kwa unene wake wa nje, lakini eneo la picha ndani yake lilikuwa na milimita 16 tu kutoka pembe hadi pembe. Kisha mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, wakabuni CCD, kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, na mirija ikaanza kuelekea jalalani. Kipimo chake cha uongo kilibaki. Ndiyo maana sensa inayoitwa theluthi ya inchi ina milimita 6 pembe hadi pembe, badala ya 8 na nusu. Mkulima aliyewahi kuona mizani ikila kilo zake ataelewa biashara hii upesi.

Sony iliuza kamera ya kwanza ya nyumbani yenye mkanda ndani yake mwaka 1983, na miaka miwili baadaye ikaja Handycam ya kushika mkononi. Hizi hazikupenda hali ya hewa ya kwetu. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri ni jambo la kupangia ratiba. Ukiitoa kamera kwenye gari asubuhi ya baridi ukaiingiza kwenye nyumba iliyojaa watu na moshi wa jikoni, unyevu ulitanda kwenye silinda ya kusomea mkanda, taa ya umande ikawaka, na mashine ikagoma. Wazee wangesubiri. Mwenye kamera ya picha alipangusa lenzi kwa shati akaendelea. Kuvu kwenye vioo, hata hivyo, haikumbagua yeyote.

Mwaka 1995 ilitoka Sony VX1000, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kamera ya video iliyoheshimika kuliko zote za wakati wake. Ilikuwa na sensa tatu, kila moja ya theluthi ya inchi, yaani milimita 4.8 kwa 3.6. Piga hesabu: fremu ya Leica ina eneo kubwa mara 50. Ni sawa na kukinga mvua ya Kericho kwa kikombe cha chai wakati jirani anakinga kwa karai. Jioni ikiingia, au wingu likishuka juu ya shamba, kikombe kina matone machache na picha hujaa chengachenga.

Udogo huo, hata hivyo, ndio uliozaa lenzi ya ajabu. VX1000 ilianzia milimita 5.9 ikafika 59 kwa kubonyeza kitufe kimoja, taratibu, bila kupoteza fokasi, na kitundu cha kuingizia mwanga kikifunguka hadi f/1.6. Kwa macho ya kamera ya filamu, hiyo ni kama lenzi ya milimita 42 hadi 420. Mtu angesimama nje ya duara la wageni na kuvuta uso wa mzee anayetoa baraka, kisha akarudi nyuma hadi boma zima likaonekana. Ukitaka lenzi ya milimita 420 yenye f/1.6 kwa kamera ya fremu kubwa, kioo cha mbele kitahitaji upana wa sentimita 26, kama sinia. Nani angeibeba?

Na lenzi fupi kwenye sensa ndogo huona kila kitu wazi kwa pamoja, cha karibu na cha mbali: bibi arusi, mbuzi, chai, jirani mwenye kikapu. Hakuna aliyeomba hivyo. Wapiga video wa zamani walilalamika kwamba picha zao zinafanana na taarifa ya habari, na walitamani ule ukungu laini wa sinema.

Waliupata mwaka 2008. Kamera ya picha ya Nikon D90 ilitangulia kurekodi video, kisha Canon 5D Mark II ikaja na sensa ya milimita 36 kwa 24, pikseli milioni 21. Video ya mkanda wa dijitali ilikuwa na pikseli 414,720. Mara 50 tena. Koo mbili za kamera zikaoana, na kama ndoa yoyote, miaka ya mwanzo ilikuwa na mambo yake. Kipande kimoja cha video kilikoma baada ya dakika 12 hivi. Mimi sijawahi kumwona mzee wa Kipsigis akimaliza hotuba ya koito kwa dakika 12. Ili kuwahi mwendo wa video, kamera iliruka mistari ya sensa, kwa hiyo paa la mabati lilimetameta rangi zisizokuwepo. Fokasi ilishikwa kwa mkono.

Chai yenyewe ilinufaika kwa jambo moja. Sensa nyingi za leo hufuata mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, wa mwaka 1976: nusu ya pikseli zote husoma kijani, kwa sababu hiyo ndiyo rangi ambayo jicho la binadamu huiona vizuri zaidi. Kutoka kiwanda cha chai cha Kapkoros hadi cha Tirgaga, sijui rangi gani nyingine ingestahili.

Sensa ndogo haikufa. Ilihamia kwenye simu. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilikuwa na ile ile theluthi ya inchi. Ilihamia pia mafichoni. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alirekodi kwa kamera ya siri. Kamera ya namna hiyo haina ukungu laini wa kumpendeza mtu. Uso, kiti, mlango: vyote vinasomeka.

Kwenye ile koito ya Desemba nilimwomba kijana anionyeshe shamba. Alizungusha kigurudumu kubana kitundu kutoka f/1.8 hadi f/16 na kuongeza nguvu ya sensa. Taratibu uji ukaganda. Michai ikajitokeza safu kwa safu, na mbali kule mtu ameinama, anachuma.

"Inaonekana," akasema, "lakini wateja hawalipii hiyo."

Akarudisha f/1.8.