Kadi ya Mstaafu Milimani Usambara

Kabla ya 1993, kwa kawaida mgonjwa wa Lushoto hakudaiwa ada katika hospitali ya serikali. Mwaka huo uchangiaji wa gharama za matibabu ukaanza, na wazee wakalazimika kupiga hesabu upya.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ukaanza kwa watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa mtumishi, nusu akilipa mwajiri.

Tofauti ya mifuko hiyo miwili ilionekana mtu alipostaafu. Mwalimu wa Soni aliyechangia NHIF alibaki na kadi yake na ya mwenza wake. Wajukuu anaowalea hawakuwamo. Kwa hao ilimfaa CHF iliyoboreshwa, iliyokuja 2018: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati ya kijiji hadi, kwa rufaa, hospitali ya mkoa, Bombo, kule Tanga mjini. Kwa mkulima wa mboga wa Mlalo, asiye na pensheni, hiyo ndiyo iliyokuwa bima yenyewe, wala si nyongeza, na anastahili kuhesabiwa mstaafu kama mwalimu.

Kwa wote wawili, mwalimu na mkulima, hatua iliyofuata ilikuja Novemba 2023, Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.