Istilahi: gharama ya fursa iliyoachwa

Mhasibu wa miaka 41 jijini Dar es Salaam akisema anataka kwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya fedha, ndugu na marafiki humuuliza ada ni kiasi gani. Mwanauchumi angemuuliza kwanza: ukiondoka, unaacha nini? Thamani ya kile anachokiacha ina jina katika taaluma. Kwa Kiingereza huitwa opportunity cost; kwa Kiswahili wengine tunaiita gharama ya fursa, wengine gharama mbadala.

Maana yake ni thamani ya chaguo bora zaidi kati ya yale uliyoyaacha ulipochagua jambo jingine. Huhesabiwa lile moja ambalo ungelifanya kweli, wala hayajumlishwi yote. Mwaka 1850 Mfaransa Frédéric Bastiat alisisitiza kwamba uchumi hupimwa kwa yanayoonekana na yasiyoonekana pia. Baadaye Friedrich von Wieser wa Austria aliijengea dhana hii msingi wa nadharia.

Tafsiri zetu mbili zina kasoro. Anayesikia “gharama ya fursa” kwa mara ya kwanza hudhani ni fedha za kuipata fursa, yaani ada, viza na nauli, na hapo maana inageuka kabisa. “Gharama mbadala” nayo huelekeza kwenye malipo ya namna nyingine. Kiarabu, kilichotupa fursa na badala, huyaweka maneno yote pamoja: gharama ya fursa mbadala. Napendekeza tuseme gharama ya fursa iliyoachwa. Ni ndefu kidogo, lakini kitenzi “kuacha” kinamwonyesha msomaji mahali pa kutazama.

Tumrudie mhasibu. Tuseme baada ya makato hubakiwa na shilingi milioni 2 kwa mwezi. Kozi ya mwaka mmoja, iliyo kawaida Uingereza, inamgharimu milioni 24 za mshahara. Ya miaka miwili, milioni 48. Ongeza michango ya pensheni ambayo mwajiri angemwekea, na cheo ambacho huenda angepandishwa. Ufadhili ukilipa ada yote, hasara hii bado ipo. Likizo ya masomo yenye malipo ndiyo huipunguza.

Kijana wa miaka 25 huacha mshahara mdogo na ana miaka 35 ya kuirudisha gharama kabla ya kufika 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma Tanzania. Mhasibu wetu amebakiwa na miaka 19. Tena ana familia, na tangu Januari 2024 Uingereza haiwaruhusu wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa darasani kwenda na wenza na watoto wao. Mwaka mbali na watoto hauna bei sokoni, lakini ni sehemu ya fursa iliyoachwa, na ni lazima uingie katika hesabu.

Sisemi mwenye umri mkubwa asiende. Achague kwa kipimo hiki. Baadhi ya kozi za fedha zimeundwa kwa waliotoka chuo juzi; nyingine hudai uzoefu wa kazi, na hizo ndizo zinazoithamini miaka yake. Kozi fupi humfanya aache machache kuliko ndefu. Masomo ya masafa, ambayo Chuo Kikuu cha London kilianza kuyafungulia milango mwaka 1858, na mitihani ya kitaaluma kama ile ya CFA kwa wachambuzi wa uwekezaji, humwezesha kusoma akiwa kazini na nyumbani.

Kabla ya kujaza fomu, aandike safu mbili: nitakacholipa na nitakachoacha. Safu ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa mtu wa umri wake mara nyingi ndiyo nzito. Istilahi inayoitaja waziwazi itamsaidia kuamua akiwa ameiona gharama yote.