Unguja, Maskati na Mkataba wa Watu wa Bahari

Habari za urafiki wa Zanzibar na Marekani husimuliwa kwa bidhaa: pembe za ndovu na sandarusi zikienda Salem, Marekani, vitambaa vya merikani vikija Unguja. Lakini mkataba ambao Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Maskati na Unguja, alitiliana saini na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, huko Maskati, Septemba 1833, una kifungu ambacho tamaa ya faida peke yake isingekiandika. Chombo cha Kimarekani kikivunjika kwenye mwambao wa Sultani, manusura watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama yake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, wala hatapokea malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na dhiki.

Ushuru wa asilimia 5 umo pia. Kwangu mimi, kifungu cha manusura ndicho roho ya mkataba. Bandari zinazoishi kwa kaskazi na kusi hujua kwamba aliyekosa upepo atakaa ugenini miezi, na mwenyeji wa leo kesho ndiye mgeni. Adabu hiyo ya mabaharia ndiyo iliyotiwa muhuri Maskati.

Ilijaribiwa mapema. Mwaka 1835 manowari ya Kimarekani Peacock, iliyombeba Roberts akirudi na mkataba ulioidhinishwa, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia wakatosa baadhi ya mizinga ili meli ielee. Roberts akakimbilia Maskati kwa mashua, na Sayyid Said akatuma msaada.

Kisha zamu ikageuka. Februari 1840 merikebu Sultana, iliyoundwa Bombay, iling'oa nanga Unguja ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York. Mjumbe wa Sultani alikuwa Ahmad bin Na'aman. Shehena ilikuwa tende, kahawa, mazulia, ngozi, pembe, sandarusi na karafuu. Na tusifiche kwamba karafuu hizo zilitokana na jasho la watumwa. Rais Martin Van Buren aliletewa farasi wawili, lulu na upanga. Katiba ya Marekani ilimzuia kuzipokea zawadi hizo kama mali yake, kwa hiyo Bunge likaamua zipokelewe kwa niaba ya serikali.

Sultana ilifika hoi. Serikali ya Marekani ikaipeleka kwenye karakana ya manowari ya Brooklyn, ikaitengeneza bila kudai malipo, na Agosti merikebu hiyo ikaanza safari ya kurudi. Hapakuwa na kifungu cha mkataba kilichoilazimisha Marekani kufanya hivyo. Mkataba ulimfunga Sultani kwa manusura wa Kimarekani, haukuifunga Marekani kwa merikebu ya Sultani. Aliyeokolewa alijua wajibu wake.

Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad huko New York, na picha hiyo ipo mpaka leo. Walimu wa historia wa Unguja na Pemba, msiishie kwenye mizani ya pembe na karafuu: someni na wanafunzi kifungu cha manusura, muwaeleze na safari ya Sultana.