Bailojia ya Mtoto Wako (Sehemu ya 6): Mbung'o Aliyewahamisha Wazee Wetu

 

Ukimsikia mwanao wa sekondari anarudia bailojia na kukariri "trypanosoma, trypanosoma" kama wimbo, msogelee. Kwetu sisi wa Gwarama, na Kibondo na Kasulu nzima, hapo anasoma historia ya nyumbani, ila hajaambiwa.

Trypanosoma ni kijidudu cha seli moja, chembamba, kinachoogelea kwenye damu. Kinabebwa na mbung'o, wengine mnamwita ndorobo. Ng'ombe akiambukizwa anapata nagana, mtu anapata malale. Mwaka 1903 huko Uganda, David Bruce na wenzake walionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza malale. Wakati huo watu walikuwa wanakufa kando ya Ziwa Victoria, na hadi ugonjwa ulipotulia walikuwa wamekufa zaidi ya 200,000. Aina ya kijidudu inayotusumbua huku Afrika Mashariki inaitwa Trypanosoma brucei rhodesiense. Hilo "brucei" ni jina la huyo Bruce. Mwambie mwanao, hatalisahau tena.

Sasa tuje nyumbani. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi mno. Njaa ikafuata, mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi. Mbung'o anataka kivuli cha miti na damu ya wanyama, kwa hiyo pori liliposogea naye akasogea. Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mambo ya mbung'o, John Ford, aliandika kitabu mwaka 1971 akasema wazi: watu wa huku walikuwa na namna zao za kuishi na mdudu huyu, kwa kulima, kufyeka na kuchunga, kabla mambo hayajavurugwa.

Kuanzia mwaka 1933, serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ikaanza kuwahamisha watu wa Buha, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Waha walizoea kuishi kwa kutawanyika, kila mji na eneo lake. Ghafla unaambiwa ujenge karibu na mwenzako na mfyeke pori pamoja. Kibailojia hesabu ilikuwa sahihi: ondoa kivuli, mbung'o anaondoka. Lakini aliyehama aliacha makaburi ya wazee wake na shamba alilolifungua kwa jembe, na kule alikotoka pori likajifunga, wanyama wakabaki wenyewe. Mimi kama mtu wa afya naielewa ile kazi, ila namna ilivyofanywa, kwa amri, siisifu. Miaka ya 1970 watu wakahamishwa tena, safari hii kwa ajili ya vijiji vya ujamaa. Kama una bibi au babu aliye hai, muulize mji wao ulikuwa wapi kabla ya hapo. Kaa na chai, atasema mengi.

Kuna swali ambalo mwalimu anaweza kulitega: kwa nini kufyeka na mitego vinammaliza mbung'o, wakati mbu hamalizwi? Hapa akina mama mtafurahi. Mbu hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo. Mbung'o jike hatagi! Anabeba mtoto mmoja tu tumboni, anamlisha kwa maziwa yanayotengenezwa humo humo ndani, halafu anamzaa akiwa funza mkubwa, siku tisa au kumi kwa kila mmoja. Ukiua majike wachache tu kila siku, ukoo unapungua kweli. Na tofauti nyingine: kwa mbu jike tu ndiye anayenyonya damu, kwa mbung'o dume na jike wote wananyonya, tena mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii porini.

Kwa nini nayaandika haya kwa mama mwenye mtoto mdogo? Kwa sababu malale haijaisha. Kibondo na Kasulu zimo kwenye orodha ya maeneo yake. Inaanza na homa, kichwa na viungo kuuma, sawasawa na malaria. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta malaria peke yake. Trypanosoma hakimwoni. Anayemwona ni mtu wa maabara kwa darubini. Kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani anayekwenda porini, kurina asali, kuchunga, kukata kuni, na homa yake haisikii dawa ya malaria, au ana kidonda kilichovimba mahali alipoumwa na mdudu, sema hivi kituoni: "Alikuwa porini, aliumwa na mbung'o, naomba damu yake iangaliwe kwa darubini." Usisubiri aanze kusinzia mchana na kuchanganyikiwa. Aina yetu ya malale inakwenda haraka, ndani ya miezi tu inaua.

Dawa ya zamani, melarsoproli, ilikuwa na aseniki ndani yake, sindano inayochoma mshipa, na iliua baadhi ya wale wale iliyotakiwa kuwaponya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge vya feksinidazoli kwenye mwongozo wa malale ya kwetu, kwa mgonjwa wa miaka 6 na kuendelea mwenye kilo 20 au zaidi. Vinamezwa pamoja na chakula.

Sehemu ya 7 ni minyoo. Andaa maswali.