Fahamu: Wawindaji wanavyochagua ndege ya kupanda, na kwa nini Manyoni inaguswa

Kabla mgeni hajafika Pori la Akiba la Rungwa kuwinda nyati, anakuwa ameshafanya uamuzi mmoja mkubwa: apande ndege ya kampuni gani. Kwake hilo si suala la nauli tu. Yapo mashirika yanayokubali kubeba bunduki yake wakati wa kuja, lakini hayakubali kubeba pembe za nyati aliyempiga.

Msimamo huo umewafanya baadhi ya wawindaji wa Marekani kususia mashirika hayo. Ishu ilifika hadi mahakamani, na Tanzania ilikuwamo kwenye kesi. Iko hivi.

Rungwa ni wapi?

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Singida unafika Manyoni. Kusini ya Manyoni na Itigi ndiko kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ukanda mmoja na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Ni nchi ya miombo, vichaka na mbung'o. Watalii wengi wa kupiga picha huishia Serengeti, Ngorongoro au Ruaha, kwa hiyo mteja mkubwa wa huku ni mwindaji. Analipa leseni na ada ya kila mnyama. Nyuma yake kuna mwindaji bingwa, wafuatilia nyayo, madereva, wapishi wa kambi na wachuna ngozi. Mwindaji asipokuja, hao wote msimu wao umekufa.

Mgogoro ulianzaje?

Mei 2015, Emirates ilitangaza kuacha kubeba nyara za tembo, faru, simba na chui milia. South African Airways nayo ilikuwa imezuia Aprili, ikalegeza Julai mwaka huohuo. Delta ya Marekani ilisema itaendelea kubeba nyara zilizopatikana kihalali.

Kisha Julai 2015 simba Cecil akauawa na mwindaji wa Kimarekani karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe. Dunia ikachachamaa. Ombi la mtandaoni la kuitaka Delta ibadili msimamo likakusanya sahihi mamia ya maelfu. Agosti 3, Delta ikageuka: ikakataa nyara za simba, chui, tembo, faru na nyati. United na American zikafuata.

Delta ndiyo iliyouma zaidi, kwa sababu ilikuwa na safari ya moja kwa moja kati ya Atlanta na Johannesburg, njia ya wawindaji wengi wanaokuja kusini na mashariki mwa Afrika.

Kesi ilikwendaje?

Oktoba 2015, Conservation Force, Dallas Safari Club na Houston Safari Club walifungua kesi dhidi ya Delta katika mahakama ya shirikisho huko Texas. Pamoja nao walikuwamo CAMPFIRE ya Zimbabwe na chama cha kampuni za uwindaji Tanzania, TAHOA. Hoja yao ilikuwa kwamba msafirishaji wa umma hapaswi kubagua mzigo halali.

Walishindwa mwaka 2016, na rufaa ikagonga mwamba 2017. Kampuni ina haki ya kuchagua aina ya mzigo inaobeba. Mwenye bunduki akabaki na silaha moja tu: pochi yake.

Je, kususia kunafanya kazi?

Mfano mzuri ni wa 2018. Baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, Delta ilifuta punguzo la nauli kwa wanachama wa NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki Marekani. Wanasiasa wa jimbo la Georgia, yaliko makao makuu ya Delta, wakaondoa msamaha wa kodi ya mafuta ya ndege uliokuwa ukipangwa. Delta ikajibu kuwa waliowahi kununua tiketi kwa punguzo hilo ni abiria 13 tu.

Hapo ndipo penye somo. Kampuni inahesabu vichwa. Wawindaji ni wachache, wasiopenda uwindaji ni wengi, na wote wanakata tiketi. Mfuatilia nyayo wa Itigi hapandi Delta wala Emirates, kwa hiyo hesabu hiyo haimgusi. Lakini maamuzi ya pande zote mbili yanaishia mlangoni kwake.

Ndege si mlango pekee

Nyara nyingi haziondoki na mwindaji. Hukaushwa, hutibiwa, kisha hutumwa kama mizigo miezi kadhaa baadaye, nyingine kwa meli. Kizuizi kikubwa zaidi ni vibali vya serikali. Aprili 2014 Marekani ilisitisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, na tangu Januari 2016 nyara za simba zinahitaji kibali maalumu. Bila kibali, hata ndege ikikubali, safari haina maana.

Mambo manne ambayo mwindaji huangalia

1. Bunduki: shirika linaipokea? Husafiri ikiwa tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli. Risasi kwa kawaida hazizidi kilo 5.

2. Nyara: kukubali bunduki si kukubali nyara. Masharti ya abiria na ya mizigo pia yanaweza kutofautiana.

3. Vibali: cha muda cha kuingiza silaha Tanzania, cha kutoa nyara nchini, na cha kuziingiza kwao.

4. Sheria za uwindaji: simba wa Tanzania lazima awe na umri wa miaka 6 au zaidi, na wanyama hatari kama nyati hupigwa kwa bunduki kubwa, kuanzia .375.

Moja likikwama, mgeni huhamia nchi nyingine. Kambi ya Rungwa ndiyo inayobaki bila moshi.